NOELI NI SIKU YA VITA

Noeli yakaribia. Hapa Kolwezi dalili zake zaonekana kila mtaa. Akina mama wanauliza bei ya kuku na ya unga wa bukari. Wasichana wanangojea kikwembe kipya. Waimbaji wanakesha parokiani wakijaribu sauti zao. Na watoto wa shule, wakiisha kumaliza mitihani, wanajenga pango la Betlehemu kwa udongo na majani. Haya yote ni mema. Mungu hakuwakataza wanadamu kufurahi siku ya kuzaliwa kwa Mwanae, bali alimtuma malaika awapashe wachungaji habari ya furaha.

Lakini leo twataka kusema neno ambalo pengine litawashangaza wengine. Noeli ni siku ya amani, naam. Lakini ni siku ya vita pia. Na mtu asiyevifahamu vita vyake hataifahamu amani yake.

Neno hili tulifundishwa na mwanafunzi wetu. Tulikuwa tukisimulia darasani habari za Mamajuzi na za mfalme Herode. Kijana mmoja wa miaka kumi na miwili, ambaye hakuonekana shuleni kwa majuma mawili, na ambaye mikono yake ilikuwa ingali na vumbi la kijani la mawe ya shaba, alisimama akauliza: "Mwalimu, kama Yezu ndiye aliyeshinda, mbona watoto wale wa Betlehemu walikufa?" Darasa zima likanyamaza. Tulimjibu upesi kwamba watoto wale wako mbinguni. Jibu hilo ni la kweli, lakini tuliona machoni pake kwamba halikumtosha. Na sisi wenyewe halikututosha. Tukarudi nyumbani, tukaifungua tena Injili ya Mtakatifu Mateo.

Tazameni kwanza kalenda ya Kanisa. Tarehe 25 Desemba twaadhimisha kuzaliwa kwa Mkombozi. Kesho yake padre avaa mavazi mekundu, kwa kuwa ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza, aliyepigwa mawe hata kufa. Tarehe 28 avaa tena mekundu, kwa ajili ya Watoto Mashahidi. Rangi ya damu, karibu kabisa na hori! Kanisa halikukosea katika kupanga siku hizi. Lataka tujue kwamba Mtoto yule hakuja kutembelea nchi iliyotulia. Alishuka katika nchi iliyotekwa na adui, na adui alimtambua mapema kuliko rafiki wengi.

Sasa mtazameni Herode. Alikuwa na ngome, na askari, na majumba. Aliogopa nini? Mtoto mchanga asiyeweza hata kushika kijiti. Aliogopa kupoteza kiti chake. Tena hakuanza kwa upanga. Alianza kwa maneno matamu. Aliwaita Mamajuzi kwa siri, akasema kwamba yeye naye ataka kwenda kumwabudu Mtoto. Ndivyo afanyavyo shetani tangu bustani ya Edeni: kwanza husema maneno mazuri, kisha hudanganya, mwisho huua.

Lakini Herode hakuwa peke yake. Walikuwapo wakuu wa makuhani na waandishi. Walipoulizwa Kristu azaliwa wapi, walijibu bila kusita: Betlehemu. Walikijua kitabu vizuri sana. Hata hivyo hakuna tunayeambiwa kwamba alivaa viatu vyake akaenda, ingawa safari ile haikufika saa tatu kwa miguu. Sisi tuliosoma katika seminari na shule za misioni, neno hili latuchoma. Yawezekana kujua katekisimu yote kwa moyo, na kubaki tumekaa. Walikuwapo pia askari, ambao yumkini walisema: "Tumeagizwa tu." Uovu wa mtu mmoja hauendi mbali usipopata miguu ya wengi na kimya cha wengi.

Basi tuje kwetu. Kumbukumbu za kale za Roma zaonyesha kwamba mnamo mwaka 336 Wakristu wa mji ule walikuwa wakiadhimisha Noeli tarehe 25 Desemba. Huko kaskazini siku hizo ni za baridi na usiku mrefu, hivyo watu huelewa kwa urahisi Yezu aitwapo Mwanga. Kwetu Lualaba mambo ni kinyume. Desemba ni mwezi wa mchana mrefu na wa mvua nyingi. Lakini sisi nasi tunalo giza letu, nalo liko chini ya miguu yetu. Ni giza la mashimo. Mvua inyeshapo, udongo hulegea, maji hujaa, na mchimbaji ashukaye na taa yake kichwani hajui kama atapanda. Hata katika kiangazi mauti haiko mbali: tarehe 27 Juni 2019 ardhi iliporomoka katika mgodi mmoja karibu na mji wetu, ikawafunika wachimbaji, na waliokufa hawakupungua 36. Mama zao walilia kama Raheli, asitake kufarijiwa.

Je, adui wetu ni nani? Hapa ndipo shetani atudanganyapo zaidi, maana hutuonyesha adui asiye yeye. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wengi wa Katanga waliambiwa kwamba adui ni jirani aliyetoka Kasai. Watu waliozaliwa hapa, waliosali nasi katika kanisa moja, walifukuzwa katika nyumba zao. Wakalala penye vituo vya reli wakingojea gari la moshi, na wengi wakafa kabla ya kufika. Siku hizi tena wako wazazi wanaoambiwa kwamba adui ni mtoto wao wenyewe. Biashara ikianguka, au mtu akiugua, mtoto huitwa mchawi, hupigwa, hunyimwa chakula, hufukuzwa. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009, ya kuwalinda watoto, yakataza jambo hili na kuliadhibu. Lakini kabla ya sheria hiyo, Betlehemu ilikwisha kutufundisha. Mtu atafutaye adui wake katika mtoto mdogo amekwisha kusimama upande wa Herode.

Wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2014 mtu mmoja wa mtaa wa Kasulo alichimba karibu na nyumba yake, akakuta mawe ya kobalti. Habari ilipoenea, watu wakaanza kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe, sebuleni na uani, mpaka kuta zikapasuka. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ikawahamisha wakazi wa sehemu ile, ikazungushia ukuta. Hatuwahukumu, njaa ni mwalimu mkali. Lakini twaona humo mfano wa moyo wetu. Tamaa haitoki mbali. Yachimba chini ya nyumba yetu wenyewe, nasi twaendelea kulala juu yake, mpaka siku ukuta uangukapo.

Wala tusidhani kwamba vita hivi ni vya wachimbaji tu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka katika nchi yetu, nayo huingia katika betri za simu na za magari ya umeme. Mnunuzi achezeaye mizani, afisa afumbaye macho apewapo bahasha, tajiri wa ng'ambo asiyetaka kuuliza mawe haya yalitoka mikononi mwa nani: hao wote wanayo nafasi yao katika habari ya Mtakatifu Mateo. Na sisi pia, tununuapo bila kuuliza.

Sasa tutazame jinsi Mungu apiganavyo. Wahenga walisema pia: Mwenye nguvu mpishe. Mungu hakumpisha Herode. Lakini hakumjibu kwa upanga wa pili. Alimwamsha Yosefu usiku. Seremala yule hakubishana, hakungoja kupambazuke. Aliondoka, akamchukua Mtoto na mama yake, akawaleta Misri, katika bara letu la Afrika. Silaha ya Mungu ilikuwa baba mmoja mwaminifu, aliyeinuka kitandani kwa ajili ya mtoto.

Silaha hiyo haijaisha nchini kwetu. Mwenye heri Maria Klementina Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Alikataa kuuvunja usafi wake, akamsamehe aliyemwua. Kijana Floribert Bwana Chui alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani Goma. Mwaka 2007 alipewa fedha aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, maana alijua ni watu wake watakaokila. Akatekwa, akauawa, naye alikuwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Ndugu wasomaji, mtu huyu hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa karani wa mpakani. Uwanja wake wa vita ulikuwa meza na mhuri. Hapa kwetu Kolwezi nako, tangu mwaka 2012 watawa wa Mchungaji Mwema wamefanya kazi ya kuwatoa watoto mashimoni na kuwapeleka shuleni. Hao nao wamemshika Yosefu mkono.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Siku chache baada ya swali lake hakuja tena. Tulikwenda nyumbani kwao. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi juu ya faida ya elimu. Mama yake alitukaribisha kwa heshima, akatupa kiti, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini wadogo zake hawali maneno." Tuliona haya. Tulikuwa kama wale waandishi wa Yeruzalemu: tulikijua kitabu, lakini mikono yetu ilikuwa mitupu.

Jioni ile tulipeleka habari katika jumuiya yetu ya mtaa. Hakuna aliye tajiri kati yetu. Mama mmoja alisema kwamba kila nyumba yaweza kutoa kopo moja la unga kwa juma. Mzee mmoja, aliyefanya kazi mgodini miaka mingi, aliahidi kumsaidia yule mama kulima shamba dogo la mihogo. Jumatatu iliyofuata kijana alirudi darasani. Mikono yake ilikuwa imeoshwa. Hatusemi kwamba Herode wa Kolwezi ameanguka. Kuna watoto wengi ambao kopo la unga halijawafikia. Twasema tu kwamba mtoto mmoja amepita usiku ule akafika Misri.

Kisha tukamjibu swali lake, mbele ya wenzake. Tulimwambia hivi: "Watoto wa Betlehemu walikufa kwa sababu wakubwa wengi walijua na wakakaa kimya. Yezu aliokoka usiku ule, lakini hakuwasahau. Alikua, akaja Yeruzalemu, na safari hii hakukimbia. Aliingia yeye mwenyewe katika shimo la mauti, akawatafuta humo, akatoka nao siku ya tatu. Ndiyo maana twasema ameshinda. Nasi tulio wake, haifai tumwache mtoto mwingine shimoni." Aliinamisha kichwa, akafikiri, kisha akaketi. Hakuuliza tena.

Basi, wasomaji wapendwa, tunapongojea Misa ya usiku, yafaa kila mmoja achunguze amesimama upande gani. Twende kwenye kitubio kabla ya kwenda sokoni. Mwenye mizani na aisawazishe. Mwenye mhuri na aukumbuke mkono wa Floribert. Aliyemfukuza mtoto kwa kumwita mchawi, na amrudishe kabla kengele ya Noeli haijalia, ampe chakula kwa mkono wake mwenyewe. Ninyi wanafunzi, mjuao kusoma, msiwe kama waandishi walioketi. Mkiona mwenzenu hayupo darasani, ulizeni yuko wapi, mkatuambie.

Na usiku ule, mtakapopiga magoti mbele ya hori, mtazameni Mtoto aliye mtupu mikononi. Yeye ndiye jemadari wetu. Tukiinuka pale, tuinuke kama Yosefu: upesi, bila kelele, na mtoto mikononi.

Twawatakieni Noeli njema, yenye amani ile ipatikanayo baada ya vita.