Kila Badiliko na Sababu Yake

Mifumo endeshi inayoweza kujengwa kutoka msimbo chanzo, kama Gentoo na FreeBSD, humpa mtumiaji uhuru wa nadra: kabla programu haijajengwa, anaamua kama itachapisha, kama itabeba Bluetooth, na itazungumza lugha ipi. Asiyeamua lolote hupewa chaguo-msingi, yaani yale yaliyopangwa na watunzaji wa mfumo. Kwa mafundi wa Ufipa, kuanzia Mpui hadi Sumbawanga mjini, wanaofufua kompyuta za mtumba, hoja yangu ni kwamba chaguo-msingi liachwe lilivyo hadi fundi aweze kuandika kwa sentensi moja kwa nini analibadilisha.

Gharama ya kubadilisha haionekani siku ya kwanza. Vifurushi vilivyojengwa tayari vya FreeBSD hufuata chaguo-msingi. Ukigeuza kipengele kimoja, kifurushi hicho hakikufai tena, na kila kiraka cha usalama kikitoka itakubidi ujenge upya mwenyewe. Kwa programu ndogo ni dakika chache. Kwa kivinjari cha Chromium, kwenye kompyuta mpakato ya zamani, ni kazi ya kutwa au zaidi, na umeme ukikatika katikati, betri iliyochoka haitaimaliza. Hata Gentoo, ambayo sifa yake ni kujijengea kila kitu, ilianza Desemba 2023 kutoa kwa wingi vifurushi vilivyo tayari. Portage, chombo chake cha kusimika programu, kinaweza kuchukua kilicho tayari pale machaguo yako yanapolingana nacho, na kujenga kilichobaki tu. Kwa hiyo hatulazimiki kuchagua kati ya kujijengea yote na kutojenga lolote.

Watasema chaguo-msingi limepangwa na watu wasioijua hali yetu. Ni kweli, na ndiyo maana lugha iwe badiliko la kwanza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili Desemba 2004. Juhudi za namna hiyo hazimfikii mwanafunzi ikiwa aliyesimika programu hakuiwasha lugha yake. Hiyo ni sababu inayoandikika. Wengine watataja usalama, nao wana ushahidi mzito. Machi 2024 mlango wa siri uligunduliwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, nao ulilenga OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali. OpenSSH yenyewe haiitegemei xz, ila baadhi ya wasambazaji wa Linux walikuwa wameiunganisha na systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, na maktaba ya xz ikaingia kwa njia hiyo. Kuondoa kisichohitajika, basi, kuna maana. Lakini kujijengea peke yake si kinga, maana sumu ilipachikwa ndani ya furushi la msimbo chanzo lenyewe.

Katika Gentoo, mabadiliko ya programu mojamoja hukaa chini ya /etc/portage/package.use, na maneno yanayofuata alama ya # hayasomwi na mashine. Hapo ndipo ile sentensi moja iandikwe, pamoja na tarehe. Kompyuta ya shule au zahanati hubaki baada ya fundi aliyeipanga kuhama, na atakayeipokea hana njia nyingine ya kujua lipi lilikusudiwa na lipi lilijaribiwa tu likasahaulika.