Reli ya Ubia, Pensheni ya Nani?

Mungaa, katika Mkoa wa Singida, ni nchi ya mtama, uwele na alizeti. Reli ya Kati haikufika huko. Ilipita kusini, Saranda, Manyoni na Itigi. Lakini ni vijiji vya namna hiyo vilivyotoa vijana wa kushindilia kokoto na kubadili mataruma katika magengi ya reli, na ndiko wanakorudi nguvu zinapokwisha. Huko mwalimu mstaafu na mstaafu wa reli huwa majirani. Hulima udongo mmoja na hungoja mvua moja. Linalowatenga ni swali la karani wa pensheni: mwajiri wako alikuwa nani? Mwalimu hujibu kwa neno moja. Wa reli hulazimika kusimulia historia ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda. Mkataba wa 1967 ukaiweka mikononi mwa Jumuiya ya nchi tatu, na mwaka 1969 likaundwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na kila nchi ikabaki na njia iliyokuwa ndani ya mipaka yake. Mabehewa yalihesabiwa, na injini zikagombewa. Lakini miaka ya utumishi wa binadamu haikuwa na mahali pa kuegeshwa.

Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Victor Umbricht wa Uswisi. Yalikubali kwamba kila nchi iwalipe pensheni raia wake waliotumikia Jumuiya na mashirika yake. Hata hivyo, wastaafu wa Tanzania walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na ni Septemba 2005 ndipo yalipofikiwa makubaliano kati yao na Serikali, yakiwahusu watu zaidi ya 31,000. Malipo yalitolewa, na wengine waliendelea kulalamika miaka mingi baadaye. Tangu 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Aliyekuwa na miaka 55 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na miaka 83, kama alikuwa hai. Haki inayomfikia mtu akiwa kaburini ni haki ya nani?

Hapana budi somo hilo likumbukwe kila inapoulizwa kama kampuni ya reli yenye wenyewe wawili au watatu ihesabiwe kuwa mwajiri anayewajibika kwa pensheni. Jibu ni ndiyo, na lisiwe na mkia.

Wapo wanaodai kwamba mali ya ubia haina mwajiri mmoja, na kwa hiyo sheria ya nchi moja haiwezi kuishika sawasawa. Hoja hiyo isingepita hata katika baraza la wazee kijijini. Ndugu wawili wakinunua ng'ombe kwa ubia na kumweka mchungaji, hakuna atakayesikilizwa akisema mchungaji ni wa mwenzake. Mwajiri ni yule anayetoa amri ya kazi, anayelipa mshahara na anayeweza kumfukuza mtu. Kampuni ikiweza kufanya hayo matatu, inaweza pia kupeleka mchango kila mwezi. Kuongezeka kwa wenye mali hakuondoi deni, bali huongeza wadaiwa.

Wapo pia wanaotaka hisa ziwe ndiyo kipimo cha kila kitu. Nao watazame yaliyotokea Tanzania. Tarehe 1 Oktoba 2007 reli ilikabidhiwa Kampuni ya Reli Tanzania, ambayo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na Serikali asilimia 49. Mwaka 2011 ubia huo ulikwisha na hisa zikarudi kwa Serikali. Kisha sheria ya 2017 ikalirudisha Shirika la Reli. Kwa kipimo cha wingi wa hisa, mfanyakazi wa gengi la Manyoni angelala mtumishi wa umma, akaamka mtumishi wa mtu binafsi, na baada ya miaka minne akarudi alikotoka. Na muda wote huo nyundo yake ilikuwa ile ile, ikipiga taruma lile lile.

Wala hili si suala la jina tu. Sheria ya 2018 iliunganisha PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuwa Mfuko wa PSSSF kwa utumishi wa umma, na sekta binafsi ikaachiwa NSSF. Mchango katika mifuko yote miwili ni asilimia 20 ya mshahara. Lakini katika PSSSF mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 15, wakati katika NSSF mfanyakazi aweza kukatwa hadi asilimia 10. Kwa mshahara wa shilingi 600,000, hiyo ni tofauti ya shilingi 30,000 kila mwezi. Maana moja ya neno "mwajiri" inaweza kumwondolea mtoto ada ya shule.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya huruma: kampuni hizi zinaendeshwa kwa hasara, zikibanwa zitakufa. Lakini pensheni si zawadi ya kampuni yenye faida. Ni sehemu ya mshahara ambayo mfanyakazi amekubali asiile leo ili aile kesho. Meneja asiyethubutu kumwambia mwuza dizeli angoje miaka 28 amepata wapi ujasiri wa kumwambia hivyo mshika bendera wa stesheni? Kampuni inayoishi kwa kula uzee wa watu wake haijaokolewa. Imehamishia hasara yake Mungaa.

Jambo hili si la makumbusho. TAZARA, yenye kilomita 1,860, ni mali ya Tanzania na Zambia, na mwaka 2025 yalitiwa saini makubaliano ya kuikodisha kwa kampuni ya Kichina. Reli ya kisasa ya kutoka Uvinza hadi Musongati itaziunganisha Tanzania na Burundi. Ubia ni jambo jema, na Afrika haitajengwa na nchi moja moja. Lakini ubia wa chuma usio na ubia wa wajibu ni unyonyaji uliovaa kanzu ya udugu.

Kwa hiyo kila mkataba wa reli ya pamoja utaje, katika vifungu vyake vya mwanzo, mfuko utakaopokea michango na mkono utakaoipeleka. Kila mwenye hisa awe mdhamini wa deni lote la pensheni, ili mmoja akiondoka mwingine asiseme hakujua. Na ubia ukivunjika, hesabu ya wafanyakazi ifungwe kabla ya hesabu ya mabehewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ipoteayo kimya kimya kama miaka ya kazi ya mtu.

Wanaoandika mikataba hiyo ni watumishi wa umma, ambao pensheni yao wenyewe haina utata. Ibara ya 11 ya Katiba, inayotaja haki ya mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, haikumbagua aliyetumikia wenye mali wawili. Nao walimu, wanaowafundisha watoto kwamba reli huunganisha mataifa, wana haki ya kuuliza baba za watoto hao walilipwaje. Mwandishi wa mkataba anaposhika kalamu, na amkumbuke mzee wa Mungaa aliye mbele ya dirisha la karani. Swali litakalomshinda mzee huyo kulijibu kesho ndilo analopaswa yeye kulijibu leo, kwa maandishi.