Kamera Ufukoni na Amana Iliyomo Ndani Yake



Wasomaji wetu wapenzi, Idd-ul-Fitri huja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga ndio uletao bamvua. Kwa hiyo siku zile zile ambazo familia zetu hutoka kwenda kutembea ufukoni, bahari nayo huwa katika nguvu zake, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa kutazama mbingu na maji. Sisi tulikumbushwa hapa Dabaso, katika hori ya Mida, siku ya pili ya Idd, na ukumbusho wenyewe ulitugharimu kamera.

Kamera hiyo haikuwa yetu. Tuliiazima kwa shemeji yetu mwezi wa Shaaban kwa ajili ya arusi ya binti yetu. Ramadhani ikaingia, nasi hatukuirudisha, wala hatukuzihamisha picha zilizokuwamo. Ndani ya kadi yake zilikuwamo picha za usiku wa kupamba, usiku ambao wanawake huwa peke yao na mabuibui yamewekwa kando. Zilikuwamo pia picha za mwisho za bibi yetu, aliyefariki katika kumi la mwisho la Ramadhani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hapakuwa na nakala nyingine popote.

Baada ya sala ya Alasiri tulipanda mashua kuwatembeza watoto kando ya mikoko. Wakati wa kushuka, mtoto aliyekuwa ameshika ukanda wa kamera aliinama kumwonyesha mwenziwe kaa. Kamera ikazama majini, ikatolewa upesi, lakini kuzama kulikwisha kuwa. Nasi tukaongeza makosa juu ya kosa. Tuliiwasha ili kuona kama ingali nzima. Kioo kikamulika mara moja, kikazimika. Tulipofika nyumbani tukaifukia ndani ya mchele, na kijana mmoja wa jirani akajitolea kuipeleka mjini kwa fundi.

Mama wa bi harusi, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Wanangu, na picha za kupamba zimo humo humo?"

"Zimo, mama," tukajibu.

Akanyosha mkono, akaitoa kamera mcheleni. "Basi haitoki hapa na kadi yake."

Kadi tuliisuuza kwa maji matamu, tukaikausha kivulini kwa siku mbili. Alhamdulillahi, picha zote zilionekana, na bibi yetu yumo, ameketi mkekani akicheka. Kamera yenyewe haikuwaka tena. Shemeji yetu tulimlipa, ijapokuwa alitaka kutusamehe. Kwani katika madhehebu ya Imamu Shafi, aliyeazima kitu hukidhamini kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa. Tunayaeleza haya ili msomaji ajifunze kwa hasara yetu, isiwe kwa yake.

Maji ya bahari yana madhara kuliko ya mvua. Kila lita ina takribani gramu 35 za chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi, na kamera ikiwa imewashwa umeme hupita pasipo pake na kuunguza vyombo vya ndani. Maji yakikauka chumvi hubaki, ikaendelea kula madini na kuvuta unyevu wa hewa. Ndiyo sababu kamera iliyoonekana kupona huweza kufa baada ya wiki kadhaa.

Kinga huanza nyumbani. Kabla ya kwenda ufukoni, hamisheni picha zote kwenye kompyuta au chombo kingine, na mtie kadi tupu. Kwa njia hiyo bahari ikichukua, itachukua kamera tu. Kamera ichukuliwe ndani ya mfuko maalumu usiopitisha maji, au chombo kigumu cha kuhifadhia chakula chenye mfuniko wa kubana. Vyombo hivi hutumika miaka mingi, na hilo lina maana kwetu, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika fukwe na hifadhi za Kenya, nayo Hifadhi ya Bahari ya Watamu i jirani yetu. Tieni humo vile vipakiti vidogo vya chembe za silika vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, hunyonya unyevu.

Ufukoni, ukanda wa kamera uvaliwe shingoni mwa mtu mzima, na mtu apandapo au ashukapo chomboni, kamera iwe imefungiwa. Lenzi na betri zisibadilishwe penye upepo, kwani mchanga ukiingia kwenye lenzi huikwaruza. Atokaye katika gari lenye kiyoyozi aiache kamera mfukoni mwake kwa muda, izoee joto, la sivyo lenzi itafanya ukungu. Wala msidanganyike na simu au kamera yenye alama ya IP68. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji, lakini majaribio yake hufanywa kwa maji matamu, si ya bahari.

Yakitokea yaliyotupata sisi, msiiwashe. Ikiwa imewaka, izimeni. Toeni betri, kisha toeni kadi. Pangusieni nje kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu ili kuondoa chumvi, kisha kwa kitambaa kikavu. Msiianike juani wala msiipulizie hewa ya moto. Mchele nao hausaidii sana, na vumbi lake huingia ndani; kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya watu mwaka 2024 wasiweke simu zilizolowa katika mchele. Kamera iliyozama baharini ifikishwe kwa fundi upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana, kabla chumvi haijaanza kazi yake.

Lakini iende bila ya kadi. Hapa ndipo tunapowaomba akina mama na mabinti zetu wazingatie zaidi. Fundi huenda akawa mtu mwema kabisa, lakini si maharimu wa wanawake waliomo katika picha zile, nao walipopigwa hawakumruhusu yeye. Tazameni pia kama kamera ina hifadhi yake ya ndani, kwani baadhi huwa nayo. Na kufuta picha hakutoshi: picha iliyofutwa huweza kurudishwa kwa programu maalumu maadamu haijaandikwa juu yake nyingine. Anayeuza au kugawa kamera, kadi na abaki nayo mwenyewe.

Sura An-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Sisi tulidhani amana tuliyobeba siku ile ni kamera ya shemeji. Kumbe ndani yake ilikuwamo amana kubwa zaidi, sitara ya wanawake waliotuamini, na sura ya mzee tusiyeweza kumpiga picha tena. Kamera tuliilipa kwa fedha. Zile nyingine hatukuwa na cha kuzilipia.

Tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Basi kabla ya matembezi yenu yajayo, tazameni kadi iliyomo katika kamera ya nyumbani kwenu, na muulizane ni lini mara ya mwisho ilipohamishwa.

Tukutane tena juma lijalo, inshallah. Wabillahi tawfiq.