Sio Chipsi Zinazomaliza Boom

Kila boom likitoka, mtandaoni huanza mahubiri yale yale. Wanafunzi wa chuo hawajui kupanga matumizi. Pesa ikiingia ni chipsi kuku na raba mpya, wiki ya tatu wanaomba bando. Wanaosema hivi sio chawa wa chama tawala peke yao. Hata sisi huku upinzani tunacheka na kusambaza vikatuni. Mimi naomba leo tuache kucheka kidogo, tupige hesabu. Hii ni siasa kamili, na tukiiacha tunaachia hoja nzuri ichukuliwe na watu wengine.

Naishi Kiwalani, upande wa Bombom, na chuo changu kiko Temeke. Chumba ni 60,000 kwa mwezi na tunakaa wawili, kwa hiyo kwangu kodi ni 7,000 kwa wiki. Nauli ni gari mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila gari, siku tano za vipindi: 12,000. Maji ya madumu na mchango wa umeme 3,000. Bando 3,000. Kutoa kopi na kuprinti 3,000. Hapo imeshaondoka 28,000, na sijaweka kitu mdomoni.

Sasa chakula cha wiki nzima, kwa bei ninazokutana nazo mtaani:

Mchele kilo 2: 5,600.
Sembe kilo 2: 3,000.
Maharage kilo 1: 3,000.
Dagaa: 2,000.
Nyanya, vitunguu na mboga za majani: 4,000.
Mafuta ya kupima: 3,000.
Sukari nusu kilo na majani ya chai: 1,800.
Utumbo kutoka Vingunguti machinjioni, au mayai: 3,000.
Mkaa, nusu yangu: 3,000.
Mchana chuoni kwa mama ntilie, 2,000 kwa siku tano: 10,000.

Jumla ya chakula ni 38,400. Ongeza ile 28,000 unapata 66,400. Fedha ya kujikimu kwa mwenye mkopo ni 10,000 kwa siku, yaani 70,000 kwa wiki. Inabaki 3,600 ya sabuni, dawa ya meno, panadol, na pedi kwa dada zetu. Nionyesheni chipsi kuku ziko mstari gani.

Kwa hiyo kupanga tunapanga. Sokoni Buguruni tunakwenda jioni, wakati wauzaji wanataka kufunga na fungu la nyanya linaongezewa mbili tatu juu. Maharage yanachemshwa mara moja kwa siku tatu ili kuokoa mkaa. Kijana anayeishi hivi hahitaji semina ya nidhamu ya fedha. Anahitaji mambo mengine, na ndiyo ninayotaka tuyadai.

La kwanza ni tarehe. Bajeti hii inasimama kama pesa imeingia siku iliyotarajiwa. Ikichelewa wiki mbili tu, mwenye nyumba hasubiri na konda hasubiri. Unakwenda kwa mangi, anaandika kwenye daftari, na bidhaa za daftari huwezi kuzipigania bei. Ukikwama zaidi, simu inakuletea mkopo wa dakika tano: kausha damu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu za kukopesha zinazofanya kazi bila leseni, na ilikuwa orodha ndefu. Wateja wa programu hizo wapo pia mabwenini na kwenye vyumba vya kupanga. Boom likija limeshaliwa, na hapo ndipo mtu wa nje anaona "wiki ya tatu hana kitu" na kudhani ni starehe.

La pili ni bei ya kununua kidogo kidogo. Vipimo sita vya mafuta vya jero ni 3,000, lakini ukivimimina kwenye chupa ya nusu lita, chupa haijai. Mkaa wa kopo tunatumia makopo manne kwa wiki, 1,500 kila moja. Kwa mwezi ni zaidi ya 24,000, pesa ambayo mtaani kwetu inajaza mtungi wa gesi wa kilo 6. Shida ni kuupata mtungi wenyewe na jiko lake kwa mkupuo. Mei 2024 Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo zuri. Ila mitungi inagawiwa kwenye mikutano yenye kamera, na mwanafunzi wa chumba cha kupanga bado anapuliza mkaa kwenye korido.

La tatu ni kiwango chenyewe. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 posho ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Nongeza ya 1,500 sio ndogo, na tuliishangilia. Lakini Desemba 2023, mwaka ule ule wa masomo, nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka 500 hadi 600. Kwa mtu wa gari nne kwa siku, 400 kati ya ile 1,500 ikaenda kwa konda. Mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika, nayo ikachukua chake. Nauli ina mamlaka inayokaa na kuipitia gharama zikipanda. Tumbo la mwanafunzi halina mamlaka hiyo. Linasubiri huruma, tangazo na makofi.

Na hapa kuna jambo ambalo vijana wenzangu wengi hawalisemi kwa sauti: pesa hii sio sadaka. Ni deni. Tangu sheria ilipobadilishwa 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka amalize. Ule mchele kilo 2 wa Kiwalani nitaulipa nikiwa na miaka thelathini na kitu. Mtu anayelipa ana haki ya kuuliza pesa inatoka lini na inatosha nini. Tena baadhi ya wakubwa wanaotufundisha kubana matumizi walisoma kabla sera ya kuchangia gharama haijaingia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wao walikula mezani chuoni kwa pesa ya umma, na hakuna aliyewauliza kama wanajua kupanga bajeti ya nyanya.

Najua kuna atakayesema, "Mbona kuna wasio na mkopo kabisa?" Kweli, wapo, na hali yao ni ngumu kuliko yangu. Lakini bei ya sembe ni ile ile kwao, na mtoto wa mama ntilie wa hapa Kiwalani akikosa mkopo, familia nzima inapunguza sahani. Kulitetea boom la kutosha hakumzuii mtu kutetea mikopo iwafikie wengi zaidi. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Madai yangu ni matatu. Kalenda ya malipo itangazwe kabla muhula haujaanza, na iheshimiwe. Kiwango kipitiwe kila mwaka kwa kufuata takwimu za bei ambazo serikali yenyewe inazitoa kupitia NBS. Na fedha ya malazi itenganishwe na ya chakula, iwe ni kwa kuangalia kodi halisi, maana asiyepata nafasi hosteli anakula kodi yake kwanza ndipo ale ugali.

Na chama chetu nacho kina kazi. Tusingoje ilani. Matawi yetu ya vyuoni yanaweza kuanza wiki hii: wanachama kumi wakichanga, wananunua gunia la mchele na dumu la mafuta kwa bei ya jumla Kariakoo au Tandika, wanagawana. Hiyo haitamaliza tatizo, lakini itapunguza makali, na itawaonyesha wenzetu wasio na kadi kwamba siasa yetu haiishi kwenye kupiga kelele jukwaani.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Andika matumizi yako ya wiki, mstari kwa mstari, kama nilivyofanya hapa, na bei za mtaa wako: Mbagala, Mabibo, Gongo la Mboto, popote ulipo. Uje nayo kwenye kikao cha tawi. Siku tutakapokwenda kudai kiwango kipya, twende na karatasi hizo mkononi, na anayesema hatujui kupanga atuonyeshe mstari wa kufuta.