Ziwa Victoria Halikuzaliwa Ndani ya Ufa

Hoja ya kwanza msomaji ameisikia tangu darasani: Ziwa Victoria ni ziwa la Bonde la Ufa, ndugu wa Tanganyika na Nyasa, kwa kuwa liko kati ya mkono wa mashariki na mkono wa magharibi wa ufa huo. Si hoja ya kijinga. Ghuba ya Winam, pale Kisumu, kweli imelala juu ya tawi kongwe la ufa. Ila ghuba moja si ziwa zima, na "kati ya" si "ndani ya". Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi; Victoria, kwa ukubwa wake wote, lina takriban mita 80 penye kina kirefu kabisa, na wastani wa mita 40. Hapo wenzangu wengi hufunga kesi, nami nawaomba mahakimu wasifunge bado. Ziwa Albert limo ndani ya ufa bila ubishi, na halifiki mita 60. Kina cha maji peke yake hakithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni mashapo. Chini ya Albert yamerundikana kwa kilomita kadhaa, kwa sababu sakafu yake imedidimia kwa mamilioni ya miaka huku mito ikiijaza. Chini ya Victoria, vipimo vya mawimbi ya sauti vimekuta takriban mita 60 tu. Kama sakafu hiyo ilizama pamoja na ufa, tope lake liko wapi?

Wanaoliita ziwa la ufa hujibu kwa tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Tetemeko linaonyesha kwamba miamba imebanwa au imevutwa. Halisemi nani alichimba beseni. Dodoma nako hutetemeka. Tulingojee ziwa lake?

Hoja ya pili ni umri: miamba ya graniti ya Mwanza ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, basi ziwa nalo ni la kale mno. Umri wa kiwanja si umri wa nyumba. Beseni lenyewe kwa kawaida hukadiriwa kuwa na miaka 400,000 hivi, na hapa ufa unaingia kwa mlango wake halali: bega la mkono wa magharibi liliinuka, ardhi ikainamia mashariki, na mito iliyokuwa ikielekea magharibi ikazuiwa. Maji yakatuama.

Ndiyo maana hoja ya tatu, kwamba Nile imetoka ziwani humu tangu enzi na enzi, haisimami. Msomaji atazame mto Katonga, nchini Uganda: kutoka kwenye kinamasi cha mafunjo, sehemu ya maji hushuka mashariki hadi Victoria, na sehemu magharibi kuelekea Ziwa George. Bonde ni moja, maji yana njia mbili. Au atazame Ziwa Kyoga, lenye matawi kama ya mti. Hayo ni mabonde ya mito yaliyofurikwa. Mito iliyopinduliwa namna hii haiwezi kuwa shahidi wa "tangu enzi na enzi".

Hoja ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Ziwa halikuwahi kukauka, wanasema, kwani spishi 500 hivi za samaki jamii ya sato na furu haziwezi kuchipuka katika miaka 15,000. Lakini sampuli zilizochimbwa hadi kwenye sehemu zenye kina kirefu zimetoa udongo wa nchi kavu wenye mabaki ya nyasi, wa kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita. Nyasi hazioti chini ya mita 60 za maji. Tena zaidi ya robo tatu ya maji ya ziwa hutoka moja kwa moja kwenye mvua, na jua huyarudisha mengi angani; ukame mrefu unatosha. Kuhusu samaki, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba furu wa eneo hili wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa Nile. Walirithi tofauti zilizokuwa tayari, hawakuzianza upya. Na hata wakikataa hayo, wana deni jingine: kama ziwa ni la kale mno, kama walivyosema katika hoja ya pili, kwa nini lina tope jembamba hivyo?