Kabla ya kununua bastola ya kiunoni

Wasikilizaji wetu, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, swali la bastola ndogo ya kuficha kiunoni tunalisikia sana. Ipi inafaa, na risasi gani?

Tukumbuke Agosti 7, 2013. Mfanyabiashara wa tanzanite wa Arusha, Erasto Msuya, aliuawa wilayani Hai kwa risasi za SMG. Bastola ya risasi tano haishindani na silaha ile.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali kwanza, na risasi nazo hazinunuliwi kiholela. Anzia serikali ya kijiji au mtaa, kisha polisi.

Ukikipata, jiulize: watoto wakibaki peke yao nyumbani, ufunguo wa kabati la silaha anao nani?