Umeme wa Viwandani Upigiwe Hesabu Kabla ya Kuwashwa

Kuwapo kwa umeme mwingi ni jambo moja, na kuwapo kwa umeme salama wa kutegemewa ni jambo jingine. Februari 2024 mtambo wa kwanza kati ya mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, uliingiza umeme katika gridi ya Taifa. Bwawa hilo limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na hapana shaka hiyo ni hatua kubwa katika ujenzi wa viwanda. Lakini umeme ukishavuka lango la kiwanda, usalama wake hautegemei tena bwawa. Hutegemea kama wahandisi walikaa wakapiga hesabu zote zinazotakiwa, na kama wakubwa wa kiwanda walizitii hesabu hizo.

Hesabu ya kwanza ni ya shoti. Chukuliwe mfano wa transfoma ya kVA 1,000 inayotoa volti 400, yenye ukinzani wa jumla wa asilimia 5. Ikibeba mzigo wake kamili, hutoa mkondo wa ampea zipatazo 1,440. Nyaya zikigusana karibu nayo, mkondo huo huweza kupanda hadi ampea 29,000 hivi kwa kufumba na kufumbua. Swichi iliyotengenezwa kukata ampea 36,000 itaumudu. Kiwanda kikipanuka, ikaongezwa transfoma ya pili ya namna ile ile na zote mbili zikalisha ubao mmoja, mkondo wa shoti hukaribia ampea 58,000. Swichi ile ile, ambayo haikuguswa wala haikuchakaa, sasa haitoshi. Siku ya hitilafu huenda isikate umeme, bali ikapasuka mbele ya fundi.

Hesabu ya pili ni ya kupanga zamu za kinga. Mota moja ikiungua, swichi yake ndiyo inayopaswa kujikata kwanza, na nyingine zote zibaki zimeshika. Zamu hizo zisipopangwa, swichi kuu hutangulia, na kiwanda kizima huingia gizani kwa sababu ya mota moja. Mali iliyokuwa katika mashine huharibika, na wafanyakazi hukaa bure.

Madhara ya kuacha mipango hiyo bila kuitazama upya yalionekana Novemba 9, 1965, huko Amerika ya Kaskazini. Saa 11:16 jioni, rilei moja katika kituo cha Sir Adam Beck, jimbo la Ontario nchini Kanada, ilikata njia moja kuu ya umeme. Njia hiyo haikuwa na hitilafu yoyote. Rilei ilikuwa imepangwa miaka kadhaa kabla, kwa kiwango kilicho chini ya uwezo halisi wa njia. Mzigo ukakua, kiwango kikabaki pale pale. Njia nyingine nne zikazidiwa, nazo zikajikata. Watu wapatao milioni 30, New York ikiwamo, walikosa umeme, na baadhi yao kwa muda wa saa 13. Kifaa kilifanya kama kilivyoagizwa. Walioshindwa ni binadamu, ambao hawakurudia hesabu.

Yapo pia maisha ya wafanyakazi. Shoti yenye nguvu hufyatua cheche kali ajabu, na fundi aliyesimama mbele ya ubao huweza kuungua hata bila kugusa waya wowote. Hesabu ndiyo inayoonyesha ukali wa moto huo, umbali wa kusimama, na nguo za kinga zinazofaa. Kumtuma fundi afungue ubao wenye umeme bila kumpa maelezo hayo ni kumwachia bahati nasibu roho yake.

Wapo watakaosema kwamba uchunguzi huo ni gharama, na kwamba mitambo imefanya kazi miaka mingi bila ajali. Hoja hiyo haina msingi. Swichi dhaifu haionyeshi udhaifu wake siku za kawaida, bali siku ya shoti. Aidha, gridi inapoongezewa mitambo na vituo vipya, mkondo wa shoti katika viwanda vilivyo karibu nayo huweza kuongezeka, hata kama ndani ya viwanda hivyo hakuna kilichobadilishwa.

Kwa hiyo watumishi wanaosimamia zabuni za viwanda na mashirika ya umma wasiidhinishe upanuzi wowote wa mitambo kabla ya kuona hesabu zilizotiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa. Tena wasinunue swichi kwa kutazama bei peke yake, bila kusoma uwezo wake wa kukata shoti. Michoro ihifadhiwe, na hesabu zirudiwe kila mara mzigo au mtambo unapobadilika. Nao walimu wa vyuo vya ufundi wawafundishe vijana kufunga nyaya na kuuliza pia: mkondo wa shoti mahali hapa ni kiasi gani?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kiwanda, ufa huo hauonekani kwa macho. Huonekana kwa hesabu, na asiyepiga hesabu atauona siku ukuta unapoanguka.